Fidla Mbili Kwenye Kantini ya Chang'ombe

Niliporudi nchini kutoka Ujerumani Mashariki, nikiwa na shahada ya muziki na fidla katika sanduku lake jeusi, mkuu wangu mpya wa kazi hakunikaribisha kiti. Alikuwa bwana mnene mwenye kaunda suti ya kijivu, na kabla ya kupewa ofisi alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoalikwa kila mara uwanja wa ndege kupokea wageni wa taifa. Alilitazama lile sanduku muda mrefu.

"Serikali imekusomesha miaka yote hiyo," akasema, "ili uje utupigie zeze la Wazungu."

Nikamwambia serikali ndiyo iliyonichagulia masomo. Nilikuwa msichana wa shule ya misheni kule Masasi, napiga kinanda cha kanisa, nafasi ikatokea, jina langu likapelekwa. Sikuwa nimeomba.

"Ungeweza kukataa," akasema, akaendelea kusoma gazeti.

Angenisahau kwenye chumba cha nyuma kama angeweza. Lakini wale Wajerumani walionifundisha walikuwa wameipa ofisi yake zawadi ya gramafoni kubwa na kasha la santuri za muziki wa klasiki, na kila baada ya muda mtu wao wa ubalozi alikuja kuuliza zinatumikaje. Ilibidi apatikane mtu wa kuzitumia. Akaniita, akanielekeza nizunguke Temeke, Chang'ombe, Kawe na kwingine kote wanakokaa wafanyakazi, niwapelekee wananchi muziki huo.

"Usihangaike kuniletea taarifa," akasema. "Wananchi wenyewe watakujibu."

Wakanijibu. Mkutano wa kwanza ulikuwa Temeke, kwenye ukumbi usio mbali na nyumba niliyopanga chumba. Tangazo lilisema "muziki", na watu walikuja kwa muziki kama wanavyoujua wao. Wanawake walivaa vitenge vipya, wanaume viatu vilivyopakwa rangi mpaka vikang'aa. Mimi nilikuwa nimeandaa mhadhara. Nikawaeleza mtunzi alizaliwa wapi, alitumikia kwa nani, na simfoni ina sehemu ngapi. Kisha nikaweka santuri, sehemu ya polepole, ile ambayo mimi mwenyewe nilipoisikia mara ya kwanza nilishindwa kuinuka kwenye kiti.

Walivumilia kidogo. Halafu viatu vikaanza kusugua sakafu, na sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Dada, hiyo sahani imekwaruzika?"

Ukumbi ukacheka. Kijana mmoja wa chama mwenye shati la kijani akasimama. Yeye hakucheka.

"Ndugu mwalimu, huyu mtunzi alikuwa mfanyakazi au bwanyenye?"

"Alikuwa mtumishi wa askofu. Alikula meza moja na wapishi."

"Akamtungia nani?"

"Askofu."

"Basi alikuwa kibaraka," akasema, akakaa, akapigiwa makofi.

Mtu akainua sindano ya gramafoni bila kuniuliza. Mwingine alikuwa tayari amekimbia nyumbani kuleta santuri ya dansi. Wakacheza kwa gramafoni ya serikali mpaka jua likazama, nami nimesimama ukutani. Mwanamke mmoja alinipa mkoba wake nimshikie ili acheze vizuri, na nikaushika.

Jumatatu mkuu wangu alikuwa amekwisha kusikia. "Nasikia mahudhurio yalikuwa mazuri sana," akasema mbele ya makarani.

Nikaona kosa ni gramafoni. Fidla haibadilishwi santuri, nikafikiri, nikaenda na fidla yangu kwenye kiwanda cha nguo Chang'ombe, saa ya chakula. Kantini ilikuwa banda refu la mabati, joto lake kama la ndani ya chungu. Wafanyakazi walikuwa na sahani za ugali na maharage. Nikapanda kwenye kijukwaa cha mikutano, nikapiga kipande cha fidla pekee, kigumu, ambacho kilinipatia alama ya juu kabisa chuoni. Hakuna aliyeinua uso isipokuwa mama mmoja wa mashine za kufuma. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikwisha kuzoea kushindana na mashine. Nilipomaliza akaniuliza kutoka mezani kwake:

"Huo wimbo unasema nini?"

"Hausemi kitu, mama. Ni muziki mtupu."

"Kama hausemi kitu, mbona unatusemesha wakati tunakula?"

Meza yake ikaangua kicheko, na kicheko kikahamia meza nyingine. Nikafunga sanduku langu nikatoka. Njia nzima mpaka Temeke niliwatukana kimoyomoyo, wao na maharage yao. Nyumbani nako hapakuwa na nafuu. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, imejaa watu wa Kusini kama mimi, wachonga vinyago na watu wa bandarini, na kila nilipofanya mazoezi jirani yangu aligonga ukuta kwa mchi. "Huyo paka wako mchinje," alikuwa akisema, "au mhamishie kwa wanaomfuga." Nilikuwa nangoja atoke kwenda sokoni ndipo nipige.

Mpiga chapa wa ofisini ndiye aliyeniambia kuhusu klabu ya taarabu ya Kinondoni. Alisema walifanya mazoezi Jumapili mchana kwenye ua nyuma ya duka, na mwenye duka ndiye mpiga fidla. Nilikwenda kwa sababu tangu nirudi sikuwa nimesikia fidla nyingine yoyote ila yangu.

Mwenye duka alikuwa mtu mzima aliyezidi baba yangu kwa umri kidogo, mwembamba, wa ukoo wa Kiarabu ambao babu zake walikwisha kuwa na duka pale wakati Kinondoni ni mashamba. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akaitikia bila kuinua macho, anapaka ulimbo upinde wake. Watu wa klabu walikuwa wamekalia magunia ya mchele. Wakapiga nyimbo zao, nami nikasikiliza. Alikuwa hodari, hilo nililijua kabla hajamaliza mstari wa kwanza, na halikunifurahisha. Alikuwa akiivuta sauti, akiipinda, akiizungusha kabla ya kuifikisha inakokwenda, kama mtu anayejua kwamba anasubiriwa.

"Mwalimu wa Ulaya atupigie na yeye," akasema baadaye.

Nikapiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, tambuu shavuni.

"Safi," akasema. "Safi mno. Kama mchele uliooshwa mpaka ladha imetoka."

"Na wewe yako inanuka mafuta ya taa ya dukani kwako," nikamjibu.

Mpiga kanuni, mzee mwenye kofia ya viua, akaweka chini kanuni yake, kile kinanda cha nyuzi nyingi kinachopakatwa, apate nafasi ya kucheka. Nilikuwa nimekwisha kukasirika. Nikataka nimwaibishe huyu mtu mbele ya wenzake. Nikamwambia nina kipande cha fidla mbili, cha mtunzi wa zamani sana. Sauti ya kwanza inaanza peke yake, ya pili inaingia nyuma yake na maneno yale yale, kisha zinakwenda pamoja. Nikampigia sauti yake mara moja. Nota alikuwa hasomi, na nilijua.

"Fuata kama unaweza," nikasema.

Akafuata. Hakukosea mahali pa kuingia. Lakini alikwenda kwa namna yake, anakawia pale ninapokimbia, anaremba pale palipoandikwa sauti moja kavu, hata wimbo wangu ukawa na mkia mrefu unaoburuta nyuma. Nikaongeza kasi ili nimtupe. Akazidi kukawia. Watu waliokuwa wakinunua dukani wakaingia uani na chupa zao za mafuta mkononi. "Mkamate huyo!" mmoja akamwambia. "Dada, usimpe nafasi," akasema mwingine. Tulipofika mwisho yeye jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye ndevu.

"Umeuharibu," nikamwambia.

"Nimeufufua. Uliuleta maiti."

Njiani kurudi, hasira zikiwa bado zinanichemka, ndipo nilipoona kilichotokea. Wale watu wa chupa za mafuta walikuwa wamesikia sauti mbili. Walijua ipi ni ipi, na inakwenda wapi, na ipi iko mbele. Mwalimu wangu kule Ulaya alitusumbua muhula mzima ndipo tukaacha kusikiliza sauti ya juu peke yake. Hawa hakuna aliyewafundisha. Waliona ugomvi, wakataka kujua nani atashinda.

Jumapili iliyofuata nikarudi, nikamwomba aje Chang'ombe.

"Kufanya nini?"

"Kugombana."

Akatafuna tambuu yake. "Nitakuja," akasema. "Lazima apatikane mtu wa kukuonyesha."

Siku hiyo kwenye kantini sikutoa mhadhara. Nilisimama kwenye kijukwaa nikasema: "Mie ni sauti ya juu. Huyu ni sauti ya chini. Tunasema maneno yale yale, na kila mmoja anataka yawe yake. Nyie amueni." Tukaanza. Mama wa mashine za kufuma hakungoja hata tufike kati. "Huyu dada anaringa," akaiambia kantini nzima. "Mzee, mnyamazishe." Meza za dirishani zikawa zake, meza za mlangoni zikawa zangu. Vijiko vikatulia. Kuna mahali katika kipande kile ambapo sauti ya chini inachukua wimbo na ya juu inabaki kugusagusa tu. Mtu akapaza sauti kwa furaha: "Amenyamaza!"

"Hajanyamaza," akasema mwingine wa upande wangu. "Anamvizia."

Na kweli nilikuwa namvizia. Niliporukia wimbo, meza za mlangoni zikapiga kelele mpaka msimamizi akachungulia.

Tulizunguka hivyo miaka mitatu. Tulikwenda viwanda vya Chang'ombe, tukaenda Kawe, tukaenda Gongo la Mboto kwa wanajeshi, ambao walikaa mistari iliyonyooka kama wako gwaride kisha wakashangilia kuliko raia. Watu walipozoea sauti mbili niliwaletea santuri za sauti tatu, halafu nne, nikawauliza nani anakimbia, nani anamfuata, nani amejificha. Wakanijibu, na wakabishana na majibu yangu. Ile simfoni iliyonifukuza Temeke niliipiga Kawe, sehemu ile ile ya polepole, nikiwaambia tu wawasikilize wale wa chini, wanaojifanya hawana neno. Mpaka mwisho hakuna aliyesugua sakafu.

Wasikilizaji waliamini ugomvi wetu ni wa jukwaani. Tulikuwa tunachukiana kweli. Kwenye basi alikaa mbele, mimi nyuma. Chai yangu hakuwahi kuinywa. Nilimwamkia kila siku kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, naye aliitikia kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na baada ya hapo hapakuwa na heshima. Aliniambia nimesoma mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia anaremba sauti kwa sababu hawezi kuisimamisha. Siku moja nilimfokea kwamba pale alipokawia mtunzi hakuandika hivyo.

"Yuko wapi huyo mtunzi?"

"Amekufa."

"Basi hatanikamata."

Mkuu wangu alipopata habari kwamba kantini zinajaa aliniita. Safari hii alinipa kiti.

"Wafanyakazi wa nchi ya kijamaa," akasema taratibu, "wanapigiwa muziki wa Kizungu na Mwarabu mwenye duka. Nieleze nitaiandikaje hiyo."

"Andika kwamba wanasikiliza."

"Mtoe. Nina kijana aliyetoka bendi ya polisi, anasoma nota, hana duka."

"Simtoi."

"Unampenda?"

"Simpendi hata kidogo," nikasema. "Lakini bila yeye mimi ni mtu anayepiga zeze watu wakila."

Akalipeleka suala hilo kwenye kikao cha tawi la chama pale kiwandani, akiamini wafanyakazi watamwondolea mzigo. Alizungumza vizuri, juu ya mabwanyenye na utamaduni wetu, na vichwa vingi vilitikisika kumkubali. Kisha mama wa mashine za kufuma akaomba nafasi.

"Yule mzee hatumpendi," akasema. "Mimi nimewahi kununua mchele kwake, kipimo chake nakijua. Lakini mkimtoa, huyu dada nani atamshinda?"

Ukumbi ukacheka, mkuu wangu akalazimika kucheka nao, na kikao kikapitisha kwamba mzee aendelee. Ofisini hakunisemesha tena. Alituma karani aniambie kila alichotaka kuniambia.

Haukupita muda mrefu ikaja amri ya kufunga maduka ya watu binafsi ili yafunguliwe ya ujamaa. La kwake likafungwa, na magunia ya uani yakachukuliwa kama mali iliyofichwa. Nilikuwa nikifua nguo nyuma ya nyumba pale Temeke nilipoambiwa nina mgeni barazani. Alikuwa amesimama, kanzu yake nyeupe, hakuketi kwenye mkeka aliotandikiwa.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia.

"Ulikwenda kusema kwa yule mkubwa wako," akasema.

"Nimesema nini?"

"Magunia. Uliyakalia kila Jumapili."

"Sikusema kitu. Klabu nzima iliyakalia. Kinondoni nzima inajua kwamba mwenye duka ana magunia."

"Klabu nzima hainichukii."

Kwa miaka mitatu nilimtukana mbele ya wanajeshi, mbele ya wafumaji, mbele ya makondakta wa basi. Nani angekuwa shahidi wangu? Majirani walikuwa wametoka milangoni, na yule wa mchi alikuwa mbele kabisa. Nikaona aibu, na aibu ikawa hasira.

"Kama ningetaka kukuumiza," nikamwambia, "ningekuumiza jukwaani."

"Jukwaani huwezi," akasema, akageuka, akaenda zake.

Kesho yake niliingia kwa mkuu wangu bila kubisha hodi, nikamuuliza kama ni yeye. Alinitazama kama mtu aliyefurahishwa na jambo.

"Maduka yamefungwa nchi nzima, ndugu. Ulitaka la kwake libaki? Na isitoshe, ulisema humpendi."

Huenda hakuna aliyemsema. Huenda lilifungwa tu kama mengine yalivyofungwa. Nilimtumia ujumbe huo kupitia mpiga kanuni, na jibu halikuja. Baada ya miezi michache nikasikia ameondoka na familia yake, Mombasa kwanza, kisha Uarabuni.

Nikaletewa yule kijana wa bendi ya polisi. Alikuwa na adabu, alipiga safi, alishika mwendo wangu kama kivuli. Tukaenda Chang'ombe. Watu walikaa kimya, wakatusikiliza vizuri, na tulipomaliza wakapiga makofi ya mkutano. Mama wa mashine za kufuma alichukua sahani yake kabla hatujateremka.

"Hawa wanapatana," akawaambia wenzake, na wakarudi kazini kabla kengele haijalia.

Nilimwambia yule kijana anipinge. Nikamwambia akawie, arembe, aninyang'anye. Alijaribu, na kila alipojaribu aliniomba radhi. Meza za kantini zikaanza kurudi kwenye mazungumzo yao, na mimi nikaanza kusikia tena vijiko. Mkuu wangu akafunga mpango kwa kusema wananchi wamechoka. Mwaka uleule alipandishwa cheo kwa kazi ya kupeleka muziki kwa wafanyakazi, na gazeti likatoa picha yake akiwa kwenye kantini ambamo kabla ya siku ya picha hakuwahi kula. Sikumpongeza. Aliona, na hakusahau.

Niliomba uhamisho, nikapelekwa chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikomalizia kazi yangu. Niliwafundisha walimu wengi, waliotawanyika mikoani na vinanda vibovu na kwaya za shule. Somo la kwanza kila mwaka niliwapanga wawili wawili kuimba sauti mbili, na niliwachunguza kwanza nijue nani hapatani na nani, ndipo niwaweke pamoja. Wengine walilia. Mkuu wa chuo aliniita zaidi ya mara moja kunionya kwamba ninapanda chuki darasani. Nilimwambia aje asikilize, na hakuja.

Mpiga kanuni nilikutana naye Kariakoo, sote tumezeeka, nachagua nyanya. Akaniambia mwenzetu yuko hai, anaishi huko Uarabuni kwa mwanawe mwenye ghala la vyakula vya baridi, na fidla hajaishika tangu aondoke.

"Uvivu," nikasema. "Alikuwa mvivu siku zote. Ndiyo maana alikuwa anakawia."

Mpiga kanuni akaniambia nisiseme hivyo kuhusu mtu ambaye hayupo kujibu. Nikamwambia aende akamwite basi aje ajibu. Nikalipia nyanya zangu, nikaondoka bila kumuaga.